Moto Ndani ya Mdomo

Enzi zetu mtoto hakuhitaji shetani wa kumfundisha sigara, bibi alitosha. Wangu alikuwa mzaa mama, Mkerewe, tuliishi naye mtaa wa Mabatini, mji wa ziwani. Kila baada ya chakula aliniita, "Mke mwenzangu, niwashie." Naichukua sigara yake, nakimbia jikoni, naichomeka kwenye kaa la moto, navuta mara mbili tatu isizimike njiani. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyesema huko ni kuvuta. Kuliitwa kutumwa, na nilisifiwa kwa kutumika vizuri.

Bibi akiipokea aliigeuza, moto ndani, akafumba mdomo. Wanawake wengi wa ziwani wa rika lake walivuta hivyo. Anachambua dagaa, anasengenya majirani, moshi unamtoka puani, wala haungui. Mimi nikaona huyo ndiye mwanamke.

Basi ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa mitumba, sabuni za kunukia na sigara za kichungi kwenye pakiti za kung'aa. Nilikuwa na miaka kumi na nne, narudia darasa la sita, maana shule na mimi hatukupendana. Shoga yangu Nyamizi akaiba moja kwa kaka yake, tukajificha wasichana wanne nyuma ya mawe. Wenzangu wakavuta kwa vidole viwili, wanakohoa, wanajiona wa mjini. Nikawacheka. "Nyie mnavuta kitoto. Lete niwaonyeshe." Nikaigeuza, nikafumba.

Jamani! Niliruka kama senene kwenye kikaango. Nyamizi badala ya kunisaidia akagaagaa kwa kicheko: "Bibi kizee huyo! Mleteeni mkongojo!"

Jioni ugali wa moto ukanishinda, nikasingizia tumbo. Bibi akanivuta pembeni, akanifungua mdomo, akalitazama lile lengelenge. Nikasubiri kofi. Akasema, "Mjinga wewe, ulimi unarudishwa nyuma kwanza."

Huo ndio mtihani pekee niliofaulu maishani. Nimevuta tangu hapo.

Sasa nina mjukuu, Neema, miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili, Kiingereza kinamtoka kama maji. Wiki nzima nilimsifu chumba chake kinavyonukia maembe. Nikawatangazia majirani, mjukuu wangu msafi! Kumbe ni sigara ya umeme, kidude kama kalamu, kimelala ndani ya begi la shule. Watoto wa siku hizi hata dhambi wanaichaji. Sisi tulinuka, tukakamatwa. Wao wananukia, tunawapongeza.

Nikamkalisha, nikamsomea: mapafu, masomo, aibu. Akanitazama tu. "Bibi, na hiyo uliyoshika?" Kweli, ilikuwa inawaka mkononi. Na aliyetoka kuniwashia jikoni ni yeye.

Nikaificha mgongoni kama mwanafunzi.

"Anza wewe kuacha, mke mwenzangu," akasema, "mimi nafuata." Pakiti yangu na kidude chake tukavitumbukiza chooni.

Leo siku ya nne. Nimetafuna kifuniko cha kalamu hii ninayoandikia mpaka kimekwisha, na nimegombana na kila mtu, hadi kuku. Nikitoka sokoni Neema ananingoja mlangoni. "Shikamoo bibi. Haya, pumua." Napumua. Kisha na yeye ananipulizia, nami nanusa kama polisi.

Enzi zetu nani angethubutu? Bibi yangu kifua kilimuua, na katika nyumba nzima iliyomwashia, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia apumue.