Kiti cha Jukwaani

Mwaka mji ulipovuliwa jina la Stanleyville na kuitwa Kisangani, Berthe, mwalimu wa shule ya wasichana katika mtaa wa Makiso, alikuwa akiongoza michezo ya kuigiza katika ukumbi wa parokia. Hakutumia pazia. Taa za ukumbi hazikuzimwa pia, kwani aliamini kwamba mtazamaji akifichwa gizani hujiona hana hatia. Na swali likiulizwa jukwaani, mchezo ulisimama mpaka mtu ajibu kutoka kwenye mabenchi. Watu waliipenda kanuni hiyo. Wengine walikuja na majibu ya kuchekesha tangu nyumbani.

Jukwaani palikuwa na kiti cha mgeni wa heshima. Jumapili moja Berthe alimwalika Hubert, mkuu wa ofisi moja ya serikali, mtu aliyependa sana kutazamwa. Wakati wa uasi, miaka miwili nyuma, waasi walipoushika mji, Hubert alimnyooshea kidole Léon, kaka yake Berthe, mbele yao, nao wakamchukua. Léon hakurudi. Mtaa mzima uliona, kisha mtaa mzima ukanyamaza. Tangu hapo, kila alipokutana na Hubert sokoni, Berthe alimsalimu kwa adabu, hata Hubert akaamini kwamba yamesahauliwa.

“Papa Hubert, kiti yako iko hapa juu,” alimwambia. “Mukubwa hakai na watoto.”

Hubert akacheka, akapanda, akaiweka tai yake sawa.

Mchezo ulihusu familia iliyomtafuta kijana wao. Katikati yake, mwigizaji Nyota aliinua shati tupu la kijana huyo, akaugeukia ukumbi.

“Huyu mutu, nani alimuonyesha?”

Safari hii hakuna aliyetania. Macho yalikwenda kwenye kiti, yakabaki huko. Hubert alikohoa, akamwomba Berthe kwa sauti ya chini mchezo uendelee. Berthe, aliyeegemea ukuta kando ya jukwaa, akamjibu, “Kanuni unaijua, papa.”

“Bon, basi. Mimi naenda,” Hubert akasema, akashuka.

Njia ya mlangoni ilipita kati ya mabenchi. Hakuna aliyesogeza goti. Mama mmoja, bila hata kuinua sauti, akamwambia, “Rudia kiti yako, papa. Bado hatuyasikia jibu.”

Alisimama pale kwenye mwanga, jasho likimlowesha kola. Kisha akarudi, akaketi. Berthe alimtazama mpaka alipoinamisha uso. Ndipo akampa Nyota ishara, na Nyota akauliza tena.