Mzungu Asiyetikisa Finjani

Mwezi uliopita nilimwita fundi aje kupaka rangi milango ya nyumba yangu. Alipofungua kopo la tapentaini, harufu ikanipanda puani, na mabega yangu yakashuka yenyewe, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba hatari imepita. Fundi akaniuliza kama harufu inanikera. Nikamwambia aache kopo wazi, tena alisogeze karibu. Alinitazama kama mwanamke aliyepungukiwa akili, na sikumlaumu. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikulia Darsait, karibu na bandari ya Matrah, miongoni mwa Waarabu tunaosema Kiswahili, kwenye jengo ambalo kuta zake zilisikilizana vizuri mno. Baba yangu alikuwa kipenzi cha watu huko nje: mkarimu, mcheshi, kanzu yake haina hata kunyanzi. Ndani alimpiga mama. Alimpiga kwa mkanda, kwa kandambili, kwa mwiko, na siku moja alimshika nywele akambamiza kwenye mlango wa jikoni hadi jino likaruka na kutua katika bakuli la mchuzi. Mimi ndiye niliyelitoa kwa kijiko. Sababu ilikuwa chumvi. Siku nyingine hata chumvi haikuhitajika.

Majirani walipandisha sauti za televisheni. Kwetu hiyo iliitwa sitara. Bibi, mzaa baba, aliyekuwa akikaa nasi, alizungusha tasbihi yake upesi upesi na kusema, "Mambo ya ndani hayatoki nje." Hayakutoka.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Roi, mchomelea vyuma wa bandarini, mtu wa Australia, mrefu, mikono yake imejaa makovu ya cheche. Alikuwa pia mchoraji, na hakuna aliyemfundisha. Alianza utotoni kwao, kwa mkaa, kwenye mbao za banda la kunyolea kondoo, na huku kwetu alichora kwa rangi za meli zilizobakia, juu ya vipande vya mbao vya kuokota. Ndiyo maana alinuka tapentaini. Kila baba alipoanza, harufu ile ilipenya chini ya mlango, kisha ngo, ngo, ngo.

"Samahani. Sukari?"

Kwa mila yetu mgeni akishagonga, kila kitu husimama. Baba alitupa mkanda, akapangusa jasho, akafungua mlango akiwa na uso mwingine kabisa. "Ahlan, ahlan! Pita ndani, jirani yetu!" Mama akakimbilia jikoni kuosha damu. Mimi, mdogo wa nyumba, nikaleta tende na dele la kahawa. Kahawa yetu humiminwa kidogo kidogo kwenye finjani, na mgeni huongezwa mpaka mwenyewe aitikise kuonyesha kwamba ametosheka. Roi hakuitikisa. Nilimimina, akanywa, nikamimina, akanywa, macho yanamtoka kwa ukali wa kahawa, na baba ameketi mbele yake akitabasamu kwa lazima mpaka hasira imwishe.

Tulimcheka sana. Jengo zima lilimwita Mzungu Sukari. "Mzungu mzima, hana hata kijiko cha sukari kwake!" Bibi alisema. "Na adabu ya kahawa haijui." Nikamwonea huruma. Siku moja kwenye ngazi nilimwonyesha kwa finjani tupu: hivi, unaitikisa hivi. Alinifuatisha kwa makini kama mwanafunzi mzuri, akaitikisa sawasawa, akanishukuru. Jioni ile ile akanywa dele zima. Nikaamini kwamba maskini hana akili.

Mlango wake ulikuwa wazi mara nyingi, nami nilisimama hapo kutazama picha. Zote zilikuwa za nyumba, moja moja, kwenye ardhi nyekundu isiyo na mti wala jirani, na milango yake imefungwa.

"Mbona hamna watu?" nilimuuliza.

"Watu ndani," alisema kwa Kiswahili alichookota kwetu.

"Wanafanya nini?"

Alipangusa brashi yake kwa kitambaa. "Ngoja mtu gonga mlango. Kwetu mbali sana. Hapana mtu gonga."

Nilidhani anazungumzia picha.

Halafu picha hizo zikapata watu wa kuzitazama. Ukumbi mdogo wa kwao ukamwalika kuzionyesha, naye akasafiri. Hakuwa amewahi kuonyesha kazi yake popote, na alituaga akiwa na furaha ya mtoto wa Idi. Baba pia alifurahi.

Wiki hiyo baba alimpiga mama kwa mchi wa kinu. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Mlio wake si mkubwa, ni mkavu tu. Hadi leo sivunji mdalasini bila kugeuza uso. Nikatoka mbio, nikaufunga mlango, nikageuka na kuugonga mlango wetu wenyewe. Ngo, ngo, ngo. Nilidhani dawa iko kwenye kugonga. Ndani kukanyamaza. Baba akafungua, ameshavaa uso wa wageni, "Ahlan, kari..." Akaniona. Ule uso ukaondoka. Alinivuta ndani kwa sikio na kunipiga mpaka akachoka, na sikio hilo halisikii vizuri mpaka leo.

Ami Nasor, kaka mkubwa wa baba, alikuja kumjulia hali mama. Aliutazama mkono uliofungwa plasta, akasema, "Subira, shemeji. Subira ni ufunguo wa heri." Akala halua, akaenda zake.

Roi aliporudi alikutana nasi kwenye ngazi. Aliiona plasta, akaliona sikio langu. 

Kila Ijumaa Ami Nasor alikuwa akija kula kwetu, jengo zima lilijua, na Ijumaa hiyo wali uliungua. Baba alimkaba mama koo, akamgandamiza ukutani hadi visigino vikainuka sakafuni. Harufu ya tapentaini ilikuja mapema. Kugonga hakukuja. Nilimlaani Roi kwa kila tusi nililolijua, huku uso wa mama ukigeuka rangi. Kisha nikasikia Ami Nasor akikohoa chini, akipanda ngazi polepole kwa bakora yake, na hapo ndipo mlango ukagongwa.

Baba akafungua, anahema. "Unataka nini tena?"

"Leo hapana sukari," Roi akasema, akaingiza mguu ndani. "Wacha yeye. Piga mimi."

Baba alilinyakua dele la shaba mezani akampiga nalo usoni. Pua ilipondeka, damu ikarukia mlango. Roi hakuinua mkono. Akampiga tena, na Roi akaanguka kizingitini kwetu, mbele ya viatu vya Ami Nasor.

"Umempiga mgeni!" Ami akapiga ukelele. "Mlangoni pako! Umetuvua nguo ukoo mzima!" Akamshukia baba kwa bakora, kichwani, mgongoni, mpaka bakora ikavunjika. "Fedheha gani hii!" Bibi alilia. Kabla ya alasiri mama na mimi tulikuwa nyumbani kwa Ami, Matrah, na baba hakuturudisha tena.

Damu ya mama ya miaka yote ilikuwa sitara. Pua moja ya mgeni ikawa fedheha. Nilikasirika kwa hilo nilipokuwa msichana, na bado nimekasirika.

Roi amefariki mwaka huu, huko kwao, akiwa mtu wa sifa. Picha zake zimetundikwa kwenye majumba makubwa, na wajuzi huandika kwamba alichora upweke wa jangwa. Mojawapo ni ya mlango wa kijani wenye madoa mekundu. Huo ni mlango wetu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba siku ile alisimama nyuma yake, akisikia kila kitu, akingoja hatua za Ami zikaribie.

Mama hakuhitaji miaka hiyo yote kutambua. Siku chache baada ya tukio, Ami alimwalika Roi aje kuombwa radhi. Alifika na bandeji puani, macho yamevimba. Nilikuwa nimejaza dele pomoni, kwa kuwa namjua. Nikammiminia. Akanywa, akatazama kule mama alikosimama na plasta yake, kisha akaitikisa finjani, sawasawa kabisa.

Nikabaki na dele mkononi, mdomo wazi.

"Mpokee finjani, mwanangu," mama akasema. "Leo ametosheka."