Bi Mahfoudha na Mwezi wa Jirani

Mtaa mzima wa Azaiba, Maskati, ulimjua Bi Mahfoudha, na asiyemjua basi kichwa hakijawahi kumuuma sawasawa. Kuumika, kule kufyonza damu chafu mwilini, alifundishwa na bibi yake huko Wete, Pemba, kwa pembe ya ng'ombe na pumzi ya kinywa. Alipofika Maskati akaiacha pembe, akatumia vikombe vya kioo. Mabibi wa Qurum, mtaa wa wenye nazo, waliochoshwa na vidonge walimletea kipandauso chao, jicho moja limefumbwa, gari nje linanguruma ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Naye akiwaumika kisogoni na mabegani huku akiwatania mpaka wausahau wembe.

Ila alikuwa na sharti gumu kuliko kichwa cha punda: haumiki ila siku za sunna, tarehe kumi na saba, kumi na tisa au ishirini na moja ya mwezi mwandamo. Waziri angekuja tarehe kumi na sita angepewa kahawa na halua, akarudi alivyokuja.

Basi mwaka tisini na nane kipandauso kikamwangukia nani? Khole, mke wa mwanawe Taimur. Siku tatu hali chakula, hataki mwanga, vidonge anavitapika. Na kesho asubuhi ana mtihani wa kupandishwa cheo wizarani, alioungoja miaka minne. Na mwezi siku hiyo ni kumi na sita!

Taimur, ujanja karithi, akamfuata mamake jikoni.

"Mama, Saudia leo kumi na saba. Nimeona kwenye dishi."

"Ramadhani wafunga kwa mwezi wa Saudia?"

"La."

"Idi je, wala biriani siku moja kabla yangu?"

"La, Mama."

"Basi nitokee hapa na dishi lako! Miaka ishirini nawarejesha watu mlangoni, leo niumike kwa mwezi wa jirani kwa kuwa mgonjwa ni wangu?"

Alisema hivyo, lakini chai aliyokuwa akimimina ilishafurika sahanini. Akenda chumbani. Khole kajifunga kanga kichwani kwa nguvu, anasoma daftari kwa jicho moja.

"Liweke hilo, mwanangu."

"Nna kurasa sita tu, Mama. Na sharti lako usilivunje kwa ajili yangu, watu watakusema."

Lau angebembelezwa, Bi Mahfoudha angekataa. Kutobembelezwa ndiko kulikomshinda.

"Taimur! Lete vikombe. Na hilo dishi lizime, lisije likadhani limenifundisha kazi."

Khole akaumikwa, akalala, na asubuhi akenda wizarani macho yote mawili wazi.

Siku hiyo, kumi na saba khasa, sebule ikajaa wagonjwa. Bi Mahfoudha akawaambia mwenyewe, kabla hajaulizwa: "Jana nimemuumika mkwe wangu."

Bi Masouda, aliyewahi kurejeshwa mara mbili, akashika kiuno. "Alaa! Na mimi nilikosa nini?"

"Hukukosa kitu, shoga yangu. Nilikosa mimi. Kaa, wewe ndo wa mwanzo. Na mwezi ujao njoo siku yoyote kichwa kitakapokuuma."