Zizi Limejaa, Kibuyu Kikavu

Miaka ya sabini serikali ilinikopesha ng'ombe mmoja wa kisasa, nami nikaanza kutembea Ushirombo nzima mikono nyuma kama mkuu wa wilaya. Masharti yalikuwa mepesi. Kila asubuhi nipeleke nusu debe la maziwa kituoni. Nikishindwa, ng'ombe anahamishiwa kwa mwingine. Nao wangeniuzia mashudu ya pamba kwa bei chee, serikali ikibeba gharama iliyobaki, kwa kadiri ya idadi ya ng'ombe zizini.

Idadi ndiyo iliyoniponza. Sisi Wasukuma hatuhesabu maziwa, tunahesabu pembe. Nikamwomba mjomba aniazime ng'ombe wake wa kienyeji siku ya ukaguzi tu. Bwana mifugo alikuta zizi limefurika, akaniongezea mashudu. Nikachinja jogoo kujipongeza. Jogoo hajaiva, nikaambiwa kiwango cha maziwa nacho kimepanda: sasa ni debe zima.

Nilipotaka kurudisha ng'ombe, mjomba akacheka. "Mwipwa wangu, huko kwako wananenepa. Huku warudi kula nini?"

Kumrudishia mjomba ng'ombe kwa nguvu ni kumtukana, nikawaacha zizini. Vikongwe vile vya mjomba vilikula mashudu, vikacheua, vikalala, bila kutoa hata tone la kumpa paka. Ng'ombe wangu wa kisasa akabaki kuramba hori tupu. Nikawa nakomba hadi maziwa ya watoto, na debe bado halijai. Nilijua naelekea kumpoteza, lakini kila jioni nilisimama mlangoni mwa zizi nikitazama pembe zile, nikajisikia tajiri.

Msimu ulipokwisha, bwana mifugo alirudi. Mke wangu akamkaribisha chai ya rangi. Mgeni akatazama zizi, akatazama kikombe.

"Mama, maziwa hamna?"

"Maziwa tunawaletea ninyi, baba. Sisi tunabaki na mavi."

Ng'ombe wangu akafungwa kamba, akapelekwa kwa jirani yetu mjane, mwenye ng'ombe mmoja tu wa kushindana naye horini. Niliumia sana, hasa debe la mjane lilipoanza kujaa na wanangu kutumwa kwake na kikombe. Mashudu yangu nayo yakakatwa.

Mjomba alikuja kuwaona ng'ombe wake. Akawapapasa mbavu mmoja mmoja, akanigeukia kwa huzuni ya kweli.

"Mwipwa wangu, siku hizi umekuwa mchoyo?"