Mimba yangu ilipitiliza, kumbe ni tezi ya koo: yaliyonikuta Igalula enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu. Shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Mimi ni bibi kizee wa Tabora. Shule niliishia darasa la pili, lakini simu naijua na ugali nasonga mwenyewe. Naandika kwa kidole kimoja, herufi zikipinda mninyooshee.

Ninayosema yalinipata mimi, mwili huu huu. Sijawahi kuyaweka hadharani kwa sababu yana aibu. Atakayecheka acheke, nimeshachekwa na wenye meno mazuri kuliko yake.

Twende.

Kabla ya Uhuru nilikuwa mke kijana pale Igalula. Mume wangu, Maganga, alikuwa kibarua wa reli. Nilikaa kwake bila kuzaa, mpaka wajomba zake wakaanza kumtafutia binti mwingine kule Igunga.

Ndipo siku zangu zikakata. Tumbo likaja juu. Uso ukajaa.

Nani angewaza ugonjwa? Nilikwenda kisimani nimetanguliza tumbo kama mpiga ngoma. Nilijisifu, wakuu, nilijisifu sana. Wajomba wakanyamaza, habari ya Igunga ikafa.

Miezi ikatimia, ikapita. Mtoto hatoki.

Kwetu jambo hilo lina jibu: mimba inaweza kuhamia mgongoni. Inajificha huko hata miaka, mpaka mfumu, yaani mganga wetu, aifungue. Mama mkwe akanipeleka. Nikafungwa kamba kiunoni, nikachanjwa mgongo, nikanywa mizizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Msinicheke, nanyi leo mnameza unga mnaouziwa humu humu mtandaoni na mtu msiyemjua sura.

Mimi nikazidi kuvimba.

Nywele zikadondoka. Choo kikawa kigumu kama kokoto, samahani mnaokula. Nilijifunika blanketi mchana wa mwezi wa kumi, jua la Tabora la kukausha mjusi. Sauti ikawa nzito, nikipiga hodi watu wanajibu "karibu baba".

Na usingizi sasa.

Kwetu mwanamke anapimwa kwa jembe. Tunalima kwa mstari, ngoma inapigwa, anayebaki nyuma anatungiwa wimbo papo hapo. Mimi nililala nimesimama, nimeegemea mpini. Shemeji yangu akapaza sauti, "Shemeji, huyo mtoto anangoja treni ya mizigo? Ya abiria imeshapita."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nikacheka nao, nisionekane inaniuma.

Zama zile serikali ilikuwa inasaka malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Anayesinzia ovyo anashikwa kupimwa. Wapimaji wakaja kijijini, wakanitoboa kidole, wakanipapasa shingo, wakachungulia damu kwenye darubini. Hakuna mdudu.

Hawakuridhika. Nikapakiwa treni pamoja na mume wangu mpaka hospitali mjini Tabora, nikachomwa sindano ya uti wa mgongo. Hakuna mdudu. Malaria, hakuna. Minyoo, hakuna. Damu pungufu, ndiyo, lakini nani kwetu alikuwa na damu ya kutosha?

Wakuu, ukipimwa hivyo unafika mahali unaomba wakukute na mdudu hata mmoja, uende naye nyumbani ukawaonyeshe watu.

Akaja daktari mwanamke, Mzungu mwenye mvi, Kiswahili kimenyooka.

"Mbona blanketi?"

"Baridi."

Yeye mwenyewe alikuwa anafuta jasho. Akamgeukia Maganga. "Ulipomuoa, sauti yake ilikuwa hii?"

"Hapana, daktari. Alikuwa akiita mbuzi wake, wanakuja na wa jirani."

Akaniambia nipige magoti juu ya kiti, mgongo kwake, nyayo zikining'inia. Mimi, mke wa mtu, makalio nimempa mgeni na mume wangu anatazama. Nilitamani sakafu ipasuke.

Akanigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka, halafu ukarudi polepole, kama ng'ombe asiyetaka zizi. Akampandisha Maganga kitini, akamgonga vile vile. Wake ukaruka ukarudi hapo hapo. Maganga alikuwa anacheka. Akaacha.

Daktari akatueleza kwamba kooni kuna tezi inayoupa mwili moto, na yangu imelala. Mimi sikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, shingo yangu ilikuwa laini tu, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Dawa ni vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi ya ng'ombe iliyokaushwa. Kila siku, maisha yote.

Nikauliza, "Havitamdhuru mtoto?"

Akanipapasa tumbo. Akasikiliza kwa kipembe cha wakunga, akarudia. "Mama, humu hakuna mtoto."

"Yuko mgongoni."

"Mgongoni tumeshachoma sindano. Hakuna mtu."

Kwanza niliwaza Igunga. Nikimeza dawa tumbo litashuka na kila mtu ataona. Nisipomeza, daktari kasema ipo siku nitalala nisiamke. Nilimeza kama mtu anayemeza talaka yake.

Nikarudi Igalula. Polepole blanketi likaanza kunikera. Sauti ikarudi, uso ukapata mifupa. Na tumbo likashuka. Nikawa najifunga nguo juu ya nguo ili lionekane bado lipo.

Mama mkwe hakudanganyika. Wala hakunigombeza. Alitoka kimya akawaambia wanawake wenzake kwamba nimejifungua, mtoto hakukaa, tumeshamzika uani. Aliona ananisitiri.

Wakaja, na unga, na kuni vichwani. Nikakalishwa mkekani. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima, Nyamizi, aliyewahi kuzika watoto wake. Akanikumbatia kwa nguvu. "Pole mwanangu. Hili nalijua."

Hapo nikashindwa. Wa kwake walikuwa na makaburi.

Nikasema, "Msinililie. Hakukuwa na mtoto. Nilikuwa naumwa koo."

Mmoja akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mama mkwe akajifunika uso. Nikainuka na kapu la unga nimrudishie Nyamizi.

Hakulipokea. Akaniuliza, "Ulimbeba, hukumbeba?"

"Nilimbeba."

"Ulimpa jina?"

Nikamwambia. Hapa sitaliandika.

"Basi weka unga chini, ukae."

Nikakaa. Akalia, nikalia. Hata yule wa kikohozi akalia, sijui kwa ajili ya nani.

Binti wa Igunga alikuja, akawa mke mwenzangu. Nimeahidi ukweli, nisiwapambie. Nikampokea mzigo mlangoni, uso unawaka. Alikuwa mtu mwema. Mimi nami, damu ilipopata moto, nikazaa, na wajukuu ninao wa kujaza behewa.

Kilichonifanya niandike ni mjukuu wangu mmoja wa Gongoni, hapa hapa Tabora mjini. Alikuwa anavimba, nywele zinakatika, wifi zake wanamwita mvivu. Wiki iliyopita kapimwa damu: tezi ya koo, kama mimi. Akamficha mume wake. Anaona haya, na kumbe haya hizo karithi kwangu, maana mimi nimekaa na haya hizi miaka yote.

Nililojifunza ni hili. Ukiambiwa huna kitu na mwili wako unakataa, rudi. Taja yote, hata choo, hata baridi, hata sauti. Mimi kila nilipoulizwa nilitaja tumbo tu, maana ndilo nililojivunia. Mengine niliyaonea aibu nikayameza, na dawa ilikuwa ndani ya hayo.

Sasa semeni nanyi, msigonge laiki mkapita. Mwenye tezi aseme alianzaje, mwenye swali aulize. Na kama humu yumo mwanamke aliyebeba mtoto ambaye hakuwepo, aje akae karibu yangu. Jina la mtoto nitamuuliza.