Jumamosi Niliyofuta Somo la Kemia

Nakumbuka asubuhi moja mwalimu wa sekondari kutoka Kibakwe aliingia ofisini kwangu Dodoma, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaweka daftari mezani kwa kishindo. Enzi hizo nilikuwa msichana mwenye kiburi cha kazi mpya, mpanga vipindi wa kituo kidogo cha televisheni. Juma lililotangulia nilikuwa nimefuta kipindi cha kemia, kikiwa kimebakiza masomo mawili tu. Mahali pake niliweka shindano la vijana waliofungiwa ndani ya nyumba moja, wagombane na kutongozana mpaka mmoja apate mchumba. Halina gharama, mwanangu: kamera, sebule na watu wasio na aibu.

"Soma, dada," akasema.

Shule yake haikuwa na maabara. Kila Jumamosi wanafunzi wa kidato cha nne walikwenda kwenye duka lenye televisheni, wakamtazama mtangazaji wetu akidondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Jumamosi ile mwalimu alikuwa msibani, akawaagiza waandike kila watakachokiona. Nao, watoto watiifu, wakaandika! Daftari lilikuwa la msichana aitwaye Mwanaidi, mistari imepigwa kwa rula: "Lengo: kupata mchumba. Vifaa: kochi, kioo, wasichana watano. Matokeo: mmoja amelia, mmoja amerusha kiatu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mwalimu hakucheka. "Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo. Huyu anataka uuguzi. Akikuta chupa za asidi mezani, naye arushe kiatu?"

Hapo nikaona haya. Nikakimbilia kwa fundi mitambo wetu kuomba kanda za masomo yale mawili, mwalimu aondoke nazo. Fundi akanitazama kama mwehu. "Si ulisema tubane matumizi? Tumesharekodi shindano juu ya kanda hizo."

Mwanaidi alifeli kemia, na uuguzi akaukosa. Mwalimu aliniandikia habari hiyo kwa sentensi moja, hata salamu hakuweka.

Leo nawasha televisheni hapa Ihumwa, naruka chaneli hadi chaneli, kote ni wachumba wanaliliana na mastaa wanatukanana jikoni. Nakereka mpaka nazungumza peke yangu! Halafu ninyi wenye vituo mnaniambia eti hicho ndicho watu wanachotaka. Watu gani? Mliwauliza wa Kibakwe?

Mwanangu, ukikabidhiwa kituo, au hata kamera ya simu tu, usihesabu vichwa vya watazamaji tu. Kabla hujafuta kitu, tafuta kwanza nani anakitegemea, umjue kwa jina. Na ukikosea, usiseme ni soko, sema ni mimi. Mungu akubariki, akupe watazamaji wachache wanaokuhitaji kweli, na ujasiri wa kubaki nao.