Kilichokuwa Kinakula Betri ya Mama Akinyi

Mimi nauza chapati Nkende, pembeni mwa gereji ya Ryoba, na watu wakisema nina mdomo sikatai. Mdomo huohuo ndio uliomwambia Mama Akinyi aachane na fundi wa shemeji yake, alete gari kwa Ryoba.

Mama Akinyi, jina lake Dorka, ni Mjaluo. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na Noah ya kubebea dagaa. Akafuta machozi, akajifunza kuendesha, akawa anafuata dagaa ziwani na kuwapeleka soko la Mugumu. Anaendesha kifua kimeegemea usukani, na ukimpigia honi akupishe, anakupungia mkono akidhani unamsalimia. Lakini wateja walimzoea na watoto wakala.

Kisha gari likaanza kugoma. Jioni linazimwa likiwa zima, asubuhi ukizungusha ufunguo linalia tik, tik, basi. Betri imekufa. Na kwa kuwa ni la otomatiki, hata mtaa mzima usukume, haliwaki. Lazima liunganishwe nyaya na gari jingine, na mwenye gari na nyaya ni Olima, mdogo wa marehemu.

Olima si mtu wa kugombana, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Anakuja na tabasamu lake, anauliza, "Shemeji, leo safari ya wapi?" Jibu likimpendeza, nyaya zinatoka kwenye buti. Lisipompendeza, nyaya kazisahau Sirari, na dagaa wanabaki kwenye magunia mpaka soko la Mugumu linavunjika. Mwanamke aliyekuwa anajitegemea akawa anaomba ruhusa kila asubuhi, mlangoni kwake mwenyewe.

Alikuwa amekataa kurithiwa na Olima. Kwa mila za kwao, mjane ambaye hajapita njia hiyo haruhusiwi kulala kwenye nyumba za watu, na akikaidi anapatwa na chira, laana inayomkausha mtu pamoja na mali yake. Mimi ni Mkurya, siingilii mila za Wajaluo, zetu zinanitosha. Lakini fundi wa Olima alipobadilisha betri ikafa, akabadilisha alteneta ikafa tena, Olima alisema kwa upole kabisa, mbele ya watoto, "Shemeji, hii si betri. Ni kaka. Amekataa."

Dorka ni Msabato wa kweli, na bado maneno yale yalimwingia. Nilimkuta asubuhi moja ameinamia usukani, anamwomba marehemu msamaha kabla ya kugusa ufunguo. Niliumia. Akaniambia, "Bhoke, nimechoka. Gari likigoma tena namkubali shemeji, yaishe."

"Kabla hujamkubali," nikamwambia, "mwache Ryoba aliangalie."

Kwa hiyo siku Olima alipoliwasha ili Dorka aende sokoni hapahapa mjini, Dorka akakata kona akaja gereji. Ryoba ni mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Mama, toa ufunguo, funga milango yote. Gari ikilala haipaswi kula kitu. Tuone kama hii inalala."

Akafungua waya wa hasi kwenye betri, akauacha pembeni, akaenda kutafuta taa yake ya kupimia. Hajarudi, simu ya Dorka ikalia. Olima.

"Shemeji, mbona uko Nkende? Gari imeharibika?"

Dorka akasema yuko kwa fundi, akakata, akanitazama vibaya. Alidhani nimempigia mimi! Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, ningeshika simu kwa mguu? Nikakasirika, lakini nikamsamehe. Mtu aliyebanwa hivyo hata kivuli chake anakishuku.

Ryoba akaunganisha taa kati ya betri na ule waya. Ikawaka, kwa mbali. Kwa hiyo kuna kitu kinakula. Akaanza kutoa fyuzi mojamoja, kila akitoa anaitazama taa. Ya redio, bado inawaka. Ya taa za ndani, bado. Zikaisha zote na taa inawaka vilevile. Dorka akashika kichwa, akasema taratibu, "Umeona, Bhoke? Ni yeye."

"Marehemu hatumii waya, mama," Ryoba akasema. Alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, anafuata waya mwembamba mweusi uliotoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi. Mwisho wa waya akavuta kidude kidogo kilichofungwa kwa tepu ya umeme. "Hiki kinamwambia mtu kwenye simu yake gari iko wapi. Hakilali. Na kimefungwa vibaya, kinanyonya usiku kucha."

Hakuna aliyeuliza ni simu ya nani.

Dorka akakaa kwenye tairi kuukuu. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, wateja wangu wanatazama. "Nimemwomba mume wangu msamaha kila siku," akasema. "Nimefunga, nimekesha, nimewaambia watoto baba yao ananichukia."

Ryoba akauliza, "Nikate au nikirudishe?"

"Kata."

Taa ikazima. Ryoba akarudisha fyuzi, akafunga waya wa betri, Dorka akazungusha ufunguo na gari likawaka. Simu ikalia hapohapo. Safari hii Dorka aliiweka kwa sauti kubwa, sote tusikie.

"Shemeji, unafanya nini huko?"

"Nachukua magunia yangu, naenda Mugumu. Nitalala huko."

"Utalala kwa nani? Unajua huwezi. Na hiyo gari ni ya kaka."

Dorka akashika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita mtu yule kwa jina.

"Kaka yako alishakufa, Olima."